Kiyoyozi cha Gari: Mafunzo Niliyopata Chini ya Boneti

Gereji ya viyoyozi vya magari hapa Dar es Salaam ina majira mawili tu. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi Novemba na jua likashika utosi, magari hupanga foleni hadi nje ya geti, na hali huwa hivyo mpaka masika yatulie. Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kikitanda, mafundi tunapata nafasi ya kunywa kahawa na kubishana habari za Simba na Yanga. Ajabu ni kwamba huo msimu wa kahawa ndio unaofaa kuleta gari, kwa sababu kiyoyozi huharibika polepole wakati mwenye gari hakitumii, kisha humwumbua siku ya joto kali.

Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba karibu kila tatizo la AC linaeleweka kwa kanuni moja. Vitu viwili tu ndivyo vinavyopaswa kutoka garini: joto na maji. Gesi na mafuta ya kompresa hubaki ndani, miaka nenda miaka rudi. AC ikisumbua, ama joto limekosa pa kutokea, ama maji yamezibiwa njia, ama gesi na mafuta vimepata upenyo. Mafunzo yafuatayo yote yanatokana na hapo.

1. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto

Bibi zetu walilijua jambo hili kwa mtungi. Maji ya mtungi wa udongo hupoa hata siku ya jua kali kwa sababu kiasi kidogo hupenya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki. Kimiminika kikigeuka mvuke huchota joto. Mvuke ukirudi kuwa kimiminika hulitema. Kiyoyozi kinafuata kanuni hiyo hiyo, ila kimiminika chake hakiachwi kipotee hewani. Kinafungiwa ndani ya mabomba na kuzungushwa.

Gesi iliyomo katika magari mengi ya hapa kwetu ni R-134a. Katika presha ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huikandamiza mpaka ipate presha na joto kubwa. Kutoka hapo inaingia kwenye kondensa, ile sahani ya mabomba na mapezi membamba iliyo mbele ya rejeta. Upepo ukipita, gesi hutema joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya, kipuri cha kunyonya unyevu, kikafika kwenye valvu ndogo yenye tundu jembamba, na hapo presha hushuka ghafla. Kikiingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi huchemka, na joto la kukichemshia hutoka kwenye hewa ya ndani ya gari. Feni hupuliza hewa iliyopoa usoni kwako, mvuke hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Ukitaka kuhakiki bila kifaa chochote, fungua boneti AC ikiwa inafanya kazi, chunga mikono yako mbali na mkanda na feni, kisha gusa kwa haraka mabomba mawili yanayoingia ndani ya gari. Bomba nene liwe la baridi na lenye jasho, jembamba liwe la moto au vuguvugu. Yakiwa na hali moja, joto halihamishwi.

2. Gesi haiishi, inavuja

"Fundi, gesi imeisha, niongezee kidogo." Ndiyo kauli tunayoisikia kuliko zote, na inatokana na kuidhania gesi kuwa kama petroli. Petroli huunguzwa. Gesi ya AC haiunguzwi wala haichakai, huzunguka tu. Ni kweli kwamba hozi za mpira na sili ya shafti ya kompresa hupitisha kiasi kidogo sana kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo gari lenye umri mkubwa linaweza kupungukiwa. Lakini gari linalojazwa kila mwaka lina tundu.

Nina mteja, mama mmoja mwenye Vitz, aliyekuwa akijazwa gesi kila inapokaribia Krismasi, gereji tofauti tofauti. Kila mahali alipewa baridi ya wiki kadhaa, na hakuna aliyemwambia atafutiwe tundu. Lilikuwa kwenye oringi, kipete cha mpira kisichozidi ukubwa wa pete ya kidoleni, mahali bomba linapoungana na kondensa. Fedha aliyoitoa kwa kujaza ingenunua oringi za kutosha mtaa mzima.

Mahali pa kutazama kwanza panajulikana. Maungio ya mabomba. Uso wa kondensa, unaopigwa na kokoto za barabarani. Sehemu ya mbele ya kompresa, nyuma ya klachi. Na valvu za kujazia gesi, ambazo vifuniko vyake vya plastiki hupotea kwa urahisi. Kwa kuwa gesi hutembea na mafuta, panapovuja huacha doa la mafuta lililonasa vumbi. Doa lisipoonekana, fundi hujaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni, au huweka rangi inayong'aa kwenye taa ya urujuanimno. Evaporeta ndiyo inayotesa kuliko zote, maana kuifikia mara nyingi ni kushusha dashibodi.

3. Geji inapima presha, mizani inapima kiasi

Fundi akichomeka geji gari likiwa limezimwa na kutangaza kwamba gesi imejaa au imepungua, usimwamini haraka. Maadamu ndani kuna kimiminika pamoja na mvuke, presha inaamuliwa na joto, haiamuliwi na wingi. Kwa nyuzi 30, mfumo wa R-134a uliotulia husoma karibu psi 97, uwe umejaa sawasawa au umebaki nusu. Geji ina kazi yake kubwa gari likiwa linanguruma, tunapolinganisha upande wa presha ndogo na ule wa presha kubwa. Lakini hata hapo haihesabu gramu.

Na gramu ndizo zinazotakiwa. Gari dogo hubeba kama gramu 350 hadi 550 tu. Kiasi kamili na aina ya gesi vimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ikipungua, baridi hupungua. Ikizidi, kimiminika hujaa kwenye kondensa, gesi hukosa nafasi ya kutema joto, presha hupanda, na baridi hupungua vilevile. Ndiyo maana "kuongeza kidogo" kwa kukisia ni bahati nasibu: hujui kilichomo, basi hujui unachoongeza. Njia ya kueleweka ni kuitoa yote kwa mashine ya kuikusanya, kutafuta tundu, kunyonya hewa, kisha kujaza kwa mizani.

4. Kompresa hufa kwa kiu ya mafuta

Kompresa haina chemba ya mafuta unayoikagua kwa kijiti kama injini. Mafuta yake huchukuliwa na gesi na kuzungushwa nayo. Gesi ikipungua, mafuta hubaki yametuama kwenye evaporeta na kondensa, na kompresa husaga chuma kwa chuma. Ikifikia kukwama, hutoa chenga za aluminiamu ambazo husambaa kwenye kondensa, draya na valvu. Hapo kununua kompresa nyingine peke yake hakutoshi. Usiposafisha mabomba na kubadili draya, na mara nyingi kondensa pia, chenga za marehemu zitaiua iliyoingia.

Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka swichi ya presha inayokata umeme wa klachi gesi ikipungua mno au presha ikizidi. Klachi ndiyo inayoiunganisha kompresa na mkanda na kuiachia. Gari la kwanza kuuzwa na kiyoyozi cha kiwandani, Packard ya Marekani iliyotangazwa mwaka 1939, halikuwa nayo. Dereva aliyetaka kuizima kompresa ilimbidi asimamishe gari, azime injini na kuvua mkanda. Sisi tuna klachi na swichi ya kuilinda, kisha anatokea fundi anayeunga waya moja kwa moja ili "AC ikubali". Itakubali kweli, lakini kwa siku chache.

Kutokana na hapo, wenzangu wa Njombe, Mbeya na Arusha wasikilize. Sili ya shafti ya kompresa hulainishwa na mafuta hayo hayo. AC isipowashwa miezi mitatu, sili hukauka na kuanza kupitisha gesi. Iwashe kama dakika kumi kila wiki au kila baada ya wiki mbili, hata kama umevaa sweta. Kipupwe cha Dar nacho si ruhusa ya kuisahau.

5. Unyevu ukiingia ndani ni adui

Mfumo ukifunguliwa, hewa huingia, na hewa ya pwani imejaa maji. Maji hayo yakichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula chuma kwa ndani. Tone likifika kwenye tundu la valvu hugeuka barafu na kuziba, baridi ikakatika, barafu ikayeyuka, baridi ikarudi. Mteja anasema AC "inajisikia vizuri asubuhi, mchana inazira", na fundi asiye makini anabadili kompresa.

Kwa hiyo pampu ya kunyonya hewa haikwepeki. Presha ikishushwa sana ndani ya mabomba, maji huchemka kwenye joto la kawaida la mchana na kuvutwa nje kama mvuke. Tunaiacha pampu ifanye kazi nusu saa au zaidi, tunaifunga, kisha tunakaa kuitazama geji. Sindano ikipanda, bado kuna tundu au maji. Draya nayo, ambayo ndani yake mna punje za kunyonya unyevu, hubadilishwa kila mfumo unapokuwa umekaa wazi. Ni kipuri cha bei nafuu kinacholinda kile cha bei ghali.

6. Baridi ikija gari likitembea tu, tazama feni

Dereva wa teksi alifika akilalamika kwamba alfajiri AC humgandisha, lakini akifika kwenye taa za Buguruni saa nne asubuhi hupuliza hewa ya moto. Alikwishaongezewa gesi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nilimwomba awashe AC akiwa amesimama, nikatazama mbele ya gari. Feni ya kondensa ilikuwa imelala.

Gari likitembea, upepo wa barabarani huipoza kondensa. Likisimama kwenye foleni, feni ndiyo tegemeo pekee. Ikifa, joto linakosa pa kutokea, presha hupanda, swichi hukata, na mara nyingi hata injini huanza kuchemka, maana feni hiyo huhudumia rejeta pia. Gesi iliyoongezwa pale ilizidisha presha bure.

Kama feni inazunguka, tazama uchafu. Kati ya kondensa na rejeta hujificha udongo, majani na wadudu usiowaona kwa mbele. Isafishe kwa maji ya presha ndogo. Vijana wa kuosha magari wakielekeza mashine yao ya presha kubwa pale karibu, mapezi hulala na kuzuia upepo kuliko hata vumbi. Na kwa wanaoishi au kuegesha ufukweni, iwe Kigamboni, Bagamoyo, Tanga au Unguja, chumvi ya bahari hula aluminiamu. Kondensa isuuzwe kwa maji baridi mara kwa mara.

7. Maji yanayodondoka chini ya gari ni habari njema

Watu hushtuka wakikuta kidimbwi chini ya gari. Kama ni maji safi, yasiyo na rangi wala utelezi, na AC ilikuwa imewashwa, shukuru. Hewa yenye unyevu ikigusa evaporeta ya baridi huacha maji pale, na maji hushuka kwa bomba dogo hadi nje. Kwa hewa ya Dar, kukausha ni sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi. Ndiyo sababu unajisikia nafuu hata kabla joto halijashuka sana. Mtambo wa Mmarekani Willis Carrier wa mwaka 1902, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa viyoyozi vya kisasa, ulibuniwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea na rangi za wino hazikukaa mahali pake.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni maji yasipoonekana nje huku zulia la abiria wa mbele likiwa limelowa. Bomba la kutolea maji limeziba kwa vumbi na majani. Mara nyingi kulizibua ni kazi ya dakika chache. Kulipuuza ni kuozesha zulia, na wakati mwingine kuharibu nyaya na vifaa vya umeme vilivyo chini yake.

8. Harufu haiondolewi kwa manukato

Evaporeta ikiachwa imelowa gizani huota kuvu, na ile harufu ya soksi mbichi ukiwasha AC ndiyo hiyo. Kikopo cha manukato kilichoning'inizwa kwenye kioo hakiigusi. Dawa yake ya kila siku haina gharama: dakika chache kabla ya kufika uendako, zima AC na uache feni ikipuliza, ili evaporeta ikauke. Ikiwa kuvu imekwishakaa, kuna povu la kusafishia linalopulizwa ndani, na maji machafu hutokea kwa bomba la chini.

Mwenzake wa kuvu ni chujio la hewa ya ndani. Katika Toyota nyingi liko nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na kulitoa hakuhitaji spana. Wamiliki wengi hawajui kwamba lipo. Nimetoa machujio yaliyoletwa na gari kutoka Japani, bado yana majani ya miti ya huko, juu yake limelala vumbi letu jekundu. Chujio likiziba, hewa haitoshi kupita, evaporeta inaweza kuganda barafu, na mteja anadhani gesi ndiyo tatizo. Libadilishe kila kilomita 10,000 hadi 15,000; kwa anayepita barabara za vumbi, mapema zaidi.

9. Wakati wa mvua AC ni kifaa cha usalama

Masika yanapogonga, madereva wengi huzima AC kwa kuona baridi, kisha huendesha wakifuta kioo kwa kitambaa. Ukungu wa ndani unatokana na pumzi za abiria na nguo zilizolowa. Washa AC, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na uruhusu hewa ya nje iingie. Ukitaka usihisi baridi, pandisha joto. AC itaendelea kukausha hewa hata ikiwa ya uvuguvugu. Anayepanda Lushoto asubuhi au Kitonga wakati wa ukungu ananielewa.

Kuna ukungu mwingine unaowachanganya watu, ule ambao kitambaa hakiufuti kwa ndani. Huo uko nje. Kioo kimepozwa na AC, na hewa nzito ya nje inaacha maji juu yake. Washa waipa, kisha geuza hewa ya baridi isipige kioo.

10. Namna ya kuitumia huamua itaishi vipi

Gari lililofungwa juani linaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 20 ndani ya saa moja. Kuwasha AC na kufunga vioo papo hapo ni kuipa kompresa mzigo ambao upepo ungeubeba bure. Fungua vioo au milango dakika moja, ondoka taratibu hewa ya moto itoke, kisha funga na utumie kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Hewa iliyokwishapozwa hupozwa tena kwa wepesi, na moshi wa malori ya foleni ya bandarini haukufikii. Ila usiiache hivyo safari nzima ya Dodoma: kaboni dayoksaidi ya pumzi hujilimbikiza na dereva husinzia. Ruhusu hewa ya nje mara kwa mara.

Mambo mawili hayana mjadala. Mtoto haachwi ndani ya gari lililozimwa, hata kwa "nanunua vocha tu". Na mtu halali ndani ya gari linalonguruma katika gereji ya nyumbani iliyofungwa ili apate AC. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua.

11. Gesi inayotoka ina safari ndefu

Zamani magari yalitumia R-12. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaanza kuziondoa sokoni. R-134a ilichukua nafasi yake. Hiyo haiharibu ozoni, lakini hunasa joto la angani: kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huhesabiwa sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Gramu 500 zikivuja kwenye gari lako, ni kama kilo 715, karibu na zinazotokana na kuunguza lita 300 za petroli. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo, na magari mapya mengi sasa huja na R-1234yf, yenye athari ndogo sana angani lakini inayoweza kushika moto kwa kiasi fulani. Usikubali gesi moja ijazwe mahali pa nyingine. Soma kibandiko.

Usikubali pia mtungi usiojulikana ulikotoka. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa gesi bandia yenye kloridi ya methili, ambayo hushambulia aluminiamu. Na wapo wanaojaza gesi ya kupikia. Inapoza, ndiyo, lakini umeweka kitu kinacholipuka nyuma ya dashibodi yako, na mbele ya gari kondensa ndiyo ya kwanza kupasuka kwenye ajali.

12. Haibridi ina sheria zake

Aqua na Prius zimejaa mitaani, na AC yake si ile tuliyoizoea. Kompresa huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa. Katika Prius za kizazi cha pili betri hiyo ina zaidi ya volti 200. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na asiyefunzwa. Mafuta yake nayo ni tofauti, kwa sababu waya za mota zimo ndani ya mafuta hayo, hivyo yanapaswa kuzuia umeme. Mafuta ya PAG ya magari ya kawaida yakiingia humo huharibu kinga, na gari linaweza kugundua umeme unavuja na kukataa kuwaka. Hata mipira ya geji iliyotumika kwenye gari la kawaida isafishwe kwanza.

Zaidi ya hapo, betri ya magari hayo hupozwa kwa hewa ya ndani, inayovutwa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Chumba kikiwa na joto, au tundu likizibwa na mizigo na vumbi, betri nayo huharibika polepole. Kwa mwenye haibridi, AC nzima na tundu safi ni bima ya kipuri ghali kuliko vyote garini.

13. Muulize fundi kabla hajafungua mtungi

Mteja anayejua kuuliza hupata kazi nzuri, hata kwa fundi mvivu. Maswali yanayotosha ni haya: Inavuja wapi, nionyeshe. Kibandiko kinasema gramu ngapi, na mizani yako iko wapi? Utanyonya hewa kwa muda gani? Utaweka mafuta ya aina gani? Draya unaibadili? Akimaliza, weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, kwa feni ya wastani na vioo vikiwa vimefungwa. Katika gari zima hewa inayotoka huwa kama nyuzi 5 hadi 10, siku yenye joto na unyevu mwingi ikazidi kidogo.

Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika, kwa sababu hayo ndiyo anayojiuliza mwenyewe. Anayesema "acha tu nijaze, utaona baridi" anasema kweli: utaiona. Wewe mwulize itakaa mpaka lini, na kama hana jibu, omba ufunguo wako.